Kila Mwamba Ngoma: Tamthilia ya Oedipus Mikononi mwa Wataalamu

Utangulizi

Tamthilia ya Oedipus iliyotungwa na Sophocles iliigizwa mjini Athens katika karne ya 5 kabla ya Kristo. Mwaka wenyewe haujulikani kwa yakini, lakini wataalamu wengi huuweka baada ya mwaka 430 K.K., wakati Athens ilipokuwa imepigwa na tauni. Mapokeo ya kale yanasema kwamba siku ya mashindano tamthilia hiyo haikupata tuzo ya kwanza. Tuzo ilimwendea Philocles, mpwa wa Aeschylus, ambaye tamthilia zake hazikutufikia. Iliyoshindwa ndiyo iliyobaki, na iliyobaki ndiyo iliyogeuka kisima cha taaluma nyingi.

Tangu zama za Aristotle tamthilia hii haikuachwa mikononi mwa wahakiki wa fasihi peke yao. Daktari wa maradhi ya nafsi ameichukua, mwanaanthropolojia ameichukua, na mwanafalsafa, mwanasheria na mwanahistoria wa siasa hawakubaki nyuma. Wahenga walinena kwamba kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Makala haya yanakusudia kuchunguza kila mmoja wa wawambaji hao amevuta upande gani wa ngozi, na je, kwa kuvuta huko ngoma imelia zaidi au imechanika?

Suala hili si la anasa. Mwanafunzi wa saikolojia hulisikia jina la Oedipus kabla hajajua kwamba ni jina la mtu katika tamthilia. Mwenzake wa anthropolojia hukutana nalo katika jedwali la visasili, naye wa falsafa hukutana nalo katika mjadala juu ya ukweli na mamlaka. Wote watatu huweza kumaliza masomo yao bila kuisoma kazi yenyewe, ambayo husomwa kwa saa mbili tu. Matokeo yake ni kwamba nadharia huchukua mahali pa matini, na mwanafunzi akija kuisoma tamthilia baadaye huona humo yale tu aliyokwisha kuambiwa ayaone.

Kipimo kitakachotumika ni chepesi. Mwenye kuazima hurejesha. Kila jambo ambalo mtaalamu amelitoa katika tamthilia na kulipeleka katika taaluma yake, hapana budi liweze kurudishwa katika tamthilia na kukaa mahali pake. Likikataa kukaa, basi halikuazimwa humo. Lililetwa kutoka nje na kuvishwa vazi la Oedipus.

Mpangilio wa kisa

Ni vyema kukumbusha kwanza mpangilio wa matukio, kwa kuwa hoja nyingi zitautegemea. Mji wa Thebes unaangamia kwa tauni. Creon, ndugu wa malkia Jocasta, anarudi kutoka Delphi na kauli ya mungu Apollo kwamba aliyemuua mfalme wa zamani, Laius, afukuzwe nchini. Oedipus, aliyetawazwa kwa sababu alilitegua fumbo la Sphinx, anamlaani mwuaji hadharani na kuanza upelelezi. Mwaguzi kipofu Tiresias anakataa kusema, kisha kwa kuchokozwa anamtaja Oedipus mwenyewe. Oedipus anamshuku Creon kwamba amepanga njama ya kumpindua.

Jocasta anaingia kuwapatanisha. Ili kumtuliza mumewe, anamsimulia kuwa Laius aliuawa na wanyang'anyi mahali zinapokutana njia tatu. Neno hilo la njia panda linamtia Oedipus hofu, kwa kuwa yeye naye aliwahi kuua mtu mzima mmoja na watumishi wake mahali kama hapo. Tumaini lake moja ni kwamba shahidi aliyenusurika alisema wanyang'anyi walikuwa wengi. Anaagiza shahidi huyo aitwe. Kabla hajafika, mjumbe kutoka Corinth analeta habari kwamba Polybus, ambaye Oedipus anamjua kuwa baba yake, amefariki. Na katika kumwondolea Oedipus hofu ya kumwoa mama yake, mjumbe anafichua kwamba Polybus hakumzaa. Jocasta anaelewa yote, anamsihi mumewe aache kuuliza, kisha anaingia ndani. Mchungaji mzee analetwa, anabanwa, anasema. Jocasta anajinyonga, Oedipus anajitoboa macho kwa vibanio vya nguo ya mkewe, ambaye ni mama yake. Creon anashika mamlaka.

Jambo moja lizingatiwe tangu hapa: matendo mawili yanayompa Oedipus umaarufu, kumuua baba na kumwoa mama, hayatendeki jukwaani. Yalikwisha kutendeka miaka mingi kabla. Kinachotendeka mbele ya hadhira ni kuuliza na kujibiwa.

Kosa na dhambi

Mtaalamu wa kwanza kuichota tamthilia hii kwa ajili ya nadharia yake ni Aristotle. Katika kitabu chake cha ushairi, anaitumia kueleza mpinduko wa hali na utambuzi, akisema kwamba tanzia hufikia upeo wake mambo hayo mawili yanapotokea kwa pamoja. Mfano wake ni mjumbe wa Corinth, ambaye anakuja kumfariji Oedipus na kwa maneno yale yale ya faraja anamwangamiza. Azima hii inarudi katika tamthilia bila taabu yoyote, maana ilitoka humo.

Lakini Aristotle aliacha pia neno moja lililowasumbua wasomaji kwa karne nyingi. Alisema shujaa wa tanzia huanguka kwa sababu ya hamartia. Wasomaji waliolelewa katika mafundisho ya dini walilifasiri neno hilo kuwa upungufu wa kimaadili, wakaanza kumtafutia Oedipus dhambi: hasira, kiburi, papara. E. R. Dodds, katika makala yake ya mwaka 1966, aliipinga tafsiri hiyo. Akitumia majibu ya wanafunzi wa Oxford aliowatahini, alionyesha makundi matatu ya upotofu: wapo waliotaka Oedipus awe mwovu ili miungu iwe na haki, wapo waliomwona kuwa kikaragosi cha majaaliwa, na wapo waliosema mtunzi hakuwa na fikra yoyote juu ya mambo hayo. Jibu la Dodds ni kwamba mbele ya maadili Oedipus hana lawama, kwa sababu hakujua. Na matendo yaliyomwangusha zaidi, yaani kuutafuta ukweli mpaka mwisho, aliyafanya kwa hiari yake.

Hapa lugha ya Kiswahili ina ushahidi wake wa kutoa. Kitenzi cha Kigiriki kinachozaa neno hamartia kilitumika kwa mpiga mshale aliyeikosa shabaha. Mfaransa akitafsiri hulazimika kuchagua kati ya maneno ambayo hayana upinde wala mshale ndani yake. Mswahili hana haja ya kuhangaika. Mwindaji aliyetupa mkuki ukampita mnyama, amekosa. Mtu aliyetenda lisilofaa naye amekosa, na alilotenda ni kosa. Neno hilo moja linabeba maana zote mbili, na halimlazimishi msikilizaji kudhani kwamba mkosaji alikusudia. Dhambi ni neno jingine, lenye Mungu anayeamuru na mja anayejua kwamba ameasi. Anayemwita Oedipus mwenye dhambi amekwisha kutoa hukumu ambayo tamthilia yenyewe haikuitoa. Anayemwita mkosaji amebaki ndani ya matini. Tafsiri ya Samuel Mushi, Mfalme Edipode, iliyochapishwa mwaka 1971, iliwapa wasomaji wa Kiswahili nafasi ya kulijadili jambo hili katika lugha yao wenyewe, na nafasi hiyo bado haijatumiwa ipasavyo.

Kitanda cha daktari

Sigmund Freud aliitaja tamthilia hii katika barua aliyomwandikia rafiki yake Wilhelm Fliess mnamo Oktoba 1897, kisha akaieleza kwa mapana katika kitabu chake juu ya tafsiri ya ndoto, kilichotoka mwishoni mwa mwaka 1899. Hoja yake ilikuwa kwamba tamthilia hii huwatikisa watu wa zama zote kwa sababu inaonyesha matamanio ambayo kila mtoto wa kiume amewahi kuwa nayo bila kujijua, yaani kumtaka mama na kumwondoa baba. Istilahi yenyewe, ile ya tata ya Oedipus, aliitumia katika maandishi yake kuanzia mwaka 1910.

Mara nyingi husahauliwa kwamba Freud aliazima vitu viwili, wala si kimoja. Cha kwanza ni maudhui: tamaa ya mtoto. Cha pili ni mbinu: alisema kwamba mwendo wa tamthilia, ambao hufichua hatua kwa hatua jambo lililositirika, unafanana na kazi ya daktari anayemsikiliza mgonjwa. Vitu hivi viwili havina uzito sawa vinaporejeshwa katika matini.

Maudhui yalipingwa kwa nguvu na Jean-Pierre Vernant katika makala yake ya mwaka 1967, ambamo alidai kwamba Oedipus hana tata hiyo. Hoja yake ni ya msomaji makini. Ikiwa mtoto humpenda mama aliyemlea na kumwonea wivu baba aliyemlea, basi wazazi hao kwa Oedipus ni Merope na Polybus wa Corinth. Kwao hakufanya lolote baya. Aliwakimbia ili asiwadhuru. Laius alikuwa kwake mgeni njiani, na Jocasta alikuwa tuzo aliyopewa na mji. Vernant aliongeza kwamba tanzia ilizaliwa Athens katika karne moja mahususi, pamoja na mahakama na mabaraza ya raia, na haielezeki kwa kutumia nafsi ya binadamu isiyo na tarehe.

Freud alijitetea kabla ya kushtakiwa, kwa kuyataja maneno ya Jocasta kwamba wanaume wengi wamelala na mama zao katika ndoto. Hata hivyo, ni lazima kuuliza nani anasema, lini, na kwa ajili gani. Jocasta anasema hayo ili kumzuia mumewe asiogope na asiendelee kuuliza. Na anaongeza kwamba asiyejali mambo kama hayo ndiye anayeishi kwa raha. Kauli ambayo Freud aliigeuza ufunguo wa mlango ilisemwa na mtu aliyekuwa akijaribu kuufunga mlango huo.

Mbinu, kwa upande mwingine, inasimama. Hakuna msomaji anayeweza kukana kwamba Oedipus anausikia ukweli mara kadhaa kabla hajaweza kuuelewa, na kwamba anaukasirikia kila unapomkaribia. Tiresias anamtajia jambo lote mapema, waziwazi, naye hasikii. Hapo daktari amefundishwa na tamthilia, naye ameifundisha hadhira kuiangalia upya.

Mjomba

Dai la Freud kwamba tata hiyo ni ya binadamu wote lilijaribiwa upesi na wanaanthropolojia. Bronislaw Malinowski, katika kitabu chake cha mwaka 1927, alieleza kwamba katika visiwa vya Trobriand, ambako ukoo hufuata upande wa mama, baba ni rafiki wa mtoto, na mwenye amri ni mjomba. Kwa hiyo uhasama wa kijana humwelekea mjomba, na tamaa inayokatazwa kwa ukali zaidi humhusu dada. Marie-Cécile na Edmond Ortigues walichapisha mwaka 1966 kitabu juu ya Oedipus wa Kiafrika, kilichotokana na kazi yao na wagonjwa wa Senegal. Mjadala huu una maana ya pekee katika Kongo, nchi ambamo jamii za ukoo wa mama kama Bakongo na Babemba zinaishi pamoja na jamii za ukoo wa baba.

Hata hivyo, wengi walioshiriki mjadala huo walibishana juu ya familia za watu halisi, wakaiacha tamthilia mlangoni. Hawakugundua kwamba mjomba wao yumo ndani ya tamthilia, tena amesimama jukwaani tangu mwanzo. Mjomba huyo ni Creon.

Katika lugha nyingi za Ulaya jambo hili hufichwa na umaskini wa istilahi za ujamaa, kwani neno moja hutumika kwa ndugu wa baba na ndugu wa mama. Mswahili hawezi kulikwepa. Mwanzoni Oedipus anampokea Creon kama ndugu wa mkewe. Kwa Kiswahili hana budi kumwita shemeji. Hadhira, ambayo inakijua kisa, inasikia chini ya neno hilo neno jingine ambalo Oedipus bado hajui kwamba anastahili kulitamka: mjomba. Anapomshtaki Creon kwa uhaini na kutaka auawe, anadhani anagombana na shemeji anayekitamani kiti chake. Kumbe mpwa anamtishia mjomba wake kifo. Mwishoni kabisa anawakabidhi binti zake kwa Creon, akimwambia kwamba ndiye baba pekee waliyebakiwa naye. Ikumbukwe kwamba Creon ni ndugu wa Jocasta, na Jocasta ni mama wa Oedipus na mama wa mabinti hao. Kwa hiyo baba na binti zake wana mjomba mmoja. Hakuna ufafanuzi wa kinadharia unaoonyesha kuvurugika kwa vizazi katika nyumba ile kwa uwazi kama neno hili moja la kawaida.

Claude Lévi-Strauss alifuata njia nyingine. Katika makala yake ya mwaka 1955 juu ya umuundo wa visasili, alikichukua kisa chote cha ukoo wa Thebes, akakipanga katika safu nne: undugu uliozidishwa, undugu uliopuuzwa, mazimwi yaliyouawa, na watu wenye kasoro ya kutembea. Aidha, alisema kwamba maelezo ya Freud ni toleo jingine tu la kisasili hicho hicho. Katika jedwali hilo Sophocles hana nafasi ya pekee. Mpangilio wa kufichua, ambao ndio tamthilia, umevunjwa ili matukio yawekwe kando kwa kando. Azima hii hairudishiki katika tamthilia. Na kwa haki Lévi-Strauss hakudai kwamba alichukua kitu humo. Alichukua kisasili. Kosa ni la wafuasi wanaolinukuu jedwali lake kana kwamba ni uhakiki wa tamthilia.

Thamani ya njia hiyo ilionekana ilipofika Katanga. Luc de Heusch, katika kitabu chake cha mwaka 1972 juu ya mfalme mlevi na chimbuko la dola, alichambua kwa mbinu za kimuundo masimulizi ya Waluba juu ya Nkongolo na Kalala Ilunga. Katika masimulizi hayo, mwindaji mgeni Mbidi Kiluwe anafika kwa Nkongolo na kuzaa na mwanamke wa nyumba yake, kisha anaondoka. Mtoto, Kalala Ilunga, anakua na kumpita mjomba wake kwa ushujaa. Nkongolo anachimba shimo, anatia mikuki ndani, analifunika, na kumwalika mpwa wake acheze ngoma juu yake. Mpiga ngoma anamwonya kijana kwa mlio wa ngoma. Anatoroka kwa baba yake, anarudi na jeshi, na Nkongolo anauawa.

Ukiviweka visa viwili hivi pamoja, tofauti inaeleza zaidi kuliko mfanano. Kalala Ilunga anamjua adui yake, naye ni mjomba. Anamshinda kwa msaada wa baba, na dola mpya inaanza. Oedipus hamjui aliyemuua, naye ni baba. Anasaidiwa na mama kuficha bila kujua, na mamlaka yanaishia kwa mjomba. Kwa Waluba njia ya mamlaka inatoka kwa mjomba kwenda kwa mwana wa mgeni. Huko Thebes inatoka kwa anayedhaniwa kuwa mwana wa mgeni kwenda kwa mjomba. Yafaa kuweka tahadhari: Wagiriki walikuwa watu wa ukoo wa baba, na Creon hakuwa na haki ya mjomba kama ilivyo kwa Babemba. Lakini ulinganisho huu unamrudisha msomaji katika matini akiwa na swali jipya juu ya mhusika ambaye wahakiki wengi wamemwona kuwa wa pembeni.

Mahakama

Kundi la mwisho ni la wale walioiona tamthilia kama kesi. Bernard Knox, katika kitabu chake cha mwaka 1957, alionyesha jinsi msamiati wa upelelezi na wa mahakama za Athens ulivyojaa katika maneno ya Oedipus, ambaye ni mpelelezi, mwendesha mashtaka, hakimu na mshtakiwa kwa wakati mmoja. Alisisitiza pia jina la tamthilia katika Kigiriki. Neno tyrannos lilimtaja mtawala aliyepata mamlaka kwa nguvu au akili yake, wala si kwa kurithi. Kejeli ya Sophocles ni kwamba mtu anayedhaniwa kutawala kwa akili yake kumbe ni mrithi halali wa kiti cha baba yake, na uhalali huo ndio msiba wake. Neno mfalme, sawa na maneno ya Kilatini na Kifaransa, linaipoteza kejeli hiyo kwa kumpa Oedipus tangu jaladani kile anachokigundua mwishoni.

Michel Foucault, katika mihadhara aliyoitoa Rio de Janeiro mwaka 1973, aliisoma tamthilia kama historia ya ukweli wa kisheria. Ukweli, alisema, unakusanywa kwa nusu zinazoungana: kwanza mungu na mwaguzi wake, kisha mfalme na malkia, mwishowe mjumbe na mchungaji. Waliyoyatabiri wa juu yanathibitishwa na waliyoyaona wa chini. Mtumwa aliyeshuhudia anapata uwezo wa kumwangusha mwenye mamlaka. Azima hii ni nzuri, na inarudi vizuri katika mpangilio wa tamthilia.

Hata hivyo, inaacha jambo moja nje. Mchungaji hasemi kwa hiari. Oedipus anaamuru mikono ya mzee huyo ifungwe nyuma na kumtishia maumivu, ndipo anaposema. Ushahidi unaomwangusha mwenye mamlaka umetolewa kwa kutumia mamlaka hayo hayo. Mwanafunzi wa sheria katika nchi yoyote inayojua maana ya mahojiano ya nguvu hataipita sehemu hiyo haraka.

Lipo jambo zito zaidi. Mchungaji aliitwa ajibu swali moja tu: wauaji wa Laius walikuwa mmoja au wengi? Anapofika, haulizwi swali hilo. Anaulizwa juu ya mtoto. Asili ya Oedipus inathibitishwa na watu wawili walioiona. Mauaji ya Laius hayathibitishwi na shahidi yeyote. Sandor Goodhart alilifanyia kazi pengo hilo mwaka 1978, baada ya René Girard kudai, mwaka 1972, kwamba Oedipus ni mtu wa kutwishwa, ambaye mji wenye tauni unamtwika balaa lake ili upone. Girard alivuta ngozi kwa nguvu nyingi mno, kwa kuwa tamthilia haimwonyeshi Oedipus akionewa na umati. Yeye ndiye anayejihukumu, na Creon anamzuia asifukuzwe mpaka mungu aulizwe tena. Lakini pengo la ushahidi limo katika matini, na anayelitaja hakulileta kutoka nje. Linauliza kwa nini Oedipus, aliyedai ushahidi kwa kila jambo, aliacha kudai ushahidi katika jambo lililokuwa la uhai wake. Jibu moja ni kwamba alipojua yeye ni nani, hakuona haja ya kujua tena alifanya nini. Hakimu mwema asingeridhika. Binadamu aliyekutwa na jambo kama hilo huenda asingeweza kufanya vingine.

Jukwaa la Kiafrika

Katika orodha ya walioazima, watunzi wasisahauliwe. Ola Rotimi wa Nigeria alikihamishia kisa hiki katika mazingira ya Wayoruba, katika tamthilia iliyoigizwa mara ya kwanza mwaka 1968, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vinaendelea nchini mwake. Jina lake linasema kwamba miungu haina lawama. Ugomvi unaosababisha mauaji unachochewa na tusi dhidi ya kabila la shujaa. Kwa kubadili sababu hiyo moja, Rotimi alihamisha swali kutoka kwa majaaliwa hadi kwa chuki ambayo watu wanaijenga wenyewe. Hakuandika nadharia, lakini usomaji wake ni mkali kama wa mtaalamu yeyote aliyetajwa hapo juu, na una faida kwamba unaweza kujaribiwa mbele ya hadhira.

Hitimisho

Uchunguzi huu umeonyesha kwamba taaluma hazikuichukua tamthilia nzima. Kila moja ilichukua onyesho lake. Aristotle alimchukua mjumbe wa Corinth, Freud alichukua kauli ya Jocasta, Foucault alimchukua mchungaji, Girard aliichukua tauni. Waliofanikiwa zaidi ni wale ambao azima yao inamrudisha msomaji jukwaani na kumwonyesha jambo ambalo hakuliona. Waliofanikiwa kidogo ni wale ambao baada ya kuwasoma, tamthilia yaonekana haina haja ya kusomwa tena.

Vilevile umeonyesha kwamba Kiswahili katika mjadala huu si chombo cha kupokelea tu. Neno kosa linamaliza ubishi ambao umechukua karne nyingi kwingineko. Maneno shemeji na mjomba yanamtoa Creon pembeni na kumweka katikati. Neno mfalme linadai kutafutiwa mbadala. Haya si mapambo ya mfasiri. Ni hoja za kihakiki, na kwa kuwa zimo katika lugha inayosemwa Lubumbashi, Bukavu na Kisangani, mwanafunzi wa huko hana sababu ya kungoja aletewe kutoka mbali.

Methali ya mwamba ngoma hutumiwa mara nyingi kuwalaumu wenye kujipendelea. Fundi anajua upande wake wa pili. Ngozi isiyovutwa haitoi mlio, na ikivutwa upande mmoja tu hulegea upande wa pili. Hukaza inapovutwa pande zote, na kila mvutaji akikumbuka kwamba ngozi ni moja. Kwa hiyo mwalimu wa fasihi asiwafukuze daktari, mwanaanthropolojia na mwanasheria wanapoikaribia tamthilia. Na awadai jambo moja tu: waisome kwanza.